Kwa Serikali Mzee, Nyumbani Mtoto

Nimewahi kuona nyumba ikijengwa usiku mmoja. Ilikuwa Seme, kijiji ambacho sitakitaja, na mwenye nyumba alikuwa bado mochari mjini Kisumu. Alikuwa na umri wa miaka 43, fundi wa injini za mashua pale ufuo wa Dunga, mtu ambaye wavuvi walimpigia simu saa tisa usiku na akaitikia. Hakuoa. Hakujenga simba, ile nyumba ya kijana bomani kwa babake. Na kwa mila zetu Wajaluo, mwanamume haletwi bomani kwa babake kuzikwa pasipo nyumba yake, hata akiwa ndani ya jeneza. Basi miti ikakatwa, mabati yakaletwa kwa mkokoteni, na kufikia alfajiri chumba kimoja kilikuwa kimesimama. Mlango haukuwa na bawaba, uliegemezwa tu. Jamaa aliyekuwa akigongelea msumari wa mwisho akashusha pumzi, akasema, "Angalau sasa ni mtu."

Sasa ni mtu! Na miaka yote ile alipokuwa akifufua injini zilizokufa katikati ya ziwa, alikuwa nani?

Nimechoka na ratiba hii tunayopimiana. Kijana ajenge simba yake, aoe, azae, kisha atoke kwa babake aanzishe dala, boma lake mwenyewe: jogoo mkononi, shoka kwa kifungua mimba, mama amebeba moto. Ni utaratibu mzuri, sikatai. Lakini ulikuwa na wa kuulipia. Baba zetu walimaliza shule wakaajiriwa Reli, bandarini, kiwanda cha nguo cha KICOMI au kiwanda cha sukari cha Miwani, na mshahara ukanunua mabati. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na shirika la pamoja la Reli likaenda nayo. KICOMI ikafunga. Miwani ikawekwa chini ya mrasimu. Kazi zikaisha, ratiba ikabaki, na sijasikia mzee hata mmoja aliyeitisha kikao ili isogezwe mbele.

Serikali nayo ina saa yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 260, inasema kijana ni aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Asubuhi ya kutimiza 35, mikopo ya Hazina ya Vijana inakupita na zabuni zilizotengewa vijana si zako tena. Umezeeka kwa kalamu. Panda matatu sasa uende nyumbani ukahudhurie kikao cha ukoo, wewe usiye na mke wala dala. Utatumwa viti. Mdogo wako mwenye watoto watatu atapewa nafasi ya kusema, wewe utaambiwa usubiri wakubwa wamalize. Kwa serikali mzee, nyumbani mtoto. Na katikati ya milango hiyo miwili iliyofungwa kuna maelfu ya watu wenye akili na mikono mizuri.

Nitawapa wazee haki yao. Shangazi anapokuuliza kila Krismasi utaoa lini, mara nyingine anawasemea wadogo zako. Kwa mila, mkubwa hujenga kwanza. Akichelewa, waliomfuata nao hukwama, na anayemruka kaka yake huogopa chira, laana ya kuvunja mila. Foleni ni ya kweli. Lakini foleni ikikwama dukani, mwenye duka hufungua dirisha la pili. Hamtukani aliye mbele kwa miaka 20.

Na tusidanganyane kwamba ratiba ndiyo iliyotulea mashujaa. Jaramogi Oginga Odinga aliacha ualimu, kazi iliyokuwa ndoto ya kila mzazi Nyanza, akaingia biashara na kampuni ya LUTATCO mwaka 1947. Grace Onyango alikuwa meya wa Kisumu mwaka 1965, wakati wenzake walitarajiwa kuwa jikoni, na 1969 akaingia Bunge. Mwanamuziki Ayub Ogada alikwenda kupiga nyatiti barabarani London. Barabarani! Mjomba gani angemchangia nauli? Leo tunajivunia majina hayo kana kwamba tuliwasukuma sisi.

Lakini kesi inayoniuma ni ya wakili S.M. Otieno. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986, baada ya maisha aliyoyachagua mwenyewe: mke Mkikuyu, makao Nairobi, shamba Upper Matasia kule Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukadai mwili. Mahakamani ikajadiliwa kwamba alichokuwa nacho Nairobi kilikuwa nyumba tu, hakikuwa dala. Mwili ukakaa mochari miezi mitano, na tarehe 23 Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya. Mjane wake, Wambui, hakutii ratiba ya mtu: mwaka 2003, akiwa na miaka 67, aliolewa na fundi wa mawe ambaye hakuwa amefika 30, na nchi nzima ikapiga mayowe. Wazee wangapi wa umri wake walioa wasichana mwaka huo huo bila gazeti hata moja kusumbuka?

Kwa wanawake mambo ni mabaya zaidi. Binti aliyefia nyumbani bila kuolewa, wanaoshika mila humzika nje ya ua. Pale mtaa wa Obunga, Kisumu, nawajua akina mama wanaokaanga mgongo wazi, mifupa ya sangara, tangu alfajiri, moshi umewala macho, na mafuta hayo yamelipa karo hadi chuo kikuu. Wengine hawajawahi kuwa na mume. Waliosomeshwa na sufuria hiyo mnawapigia makofi, aliyeishika mnamtafutia kaburi nje.

Wazee wangu, mkitaka mtu awe na nyumba, mchangieni akiwa na mgongo wa kuilalia. Yule fundi wa Dunga aliwahi kuwaomba jamaa zake wamkopeshe pesa za kununua vifaa vya karakana. Akaambiwa aoe kwanza. Mazishi yake yalikuwa na hema mbili na kipaza sauti.

Nilipita tena Seme wiki tatu baadaye. Nyumba haikuwapo. Mabati yalikuwa ya kuazima.