Fakiri anapompiga picha fakiri

Kila Ramadhani kamati ya msikiti wetu hapa Ngamiani, Tanga, hugawa futari: mchele, sukari, tende, mafuta ya kupikia. Mimi ndiye karani, na daftari la majina nalishika mimi, kwa hiyo picha zinazopigwa pale uani naziona kwa karibu. Bibi kakumbatia mfuko, anaambiwa, "Bibi, inua uso kidogo, tabasamu." Anauvuta ushungi mbele, kijana wa kamera anamwomba aurudishe nyuma aonekane vizuri. Mgongoni kwake bango la mfadhili, jina limeandikwa kubwa kuliko Bismillahi iliyo juu yake.

Wengi wanaona huo ni upungufu wa adabu tu. Mimi nasema ni upungufu wa tauhidi.

Tangu chuoni tumefundishwa kwamba Mwenyezi Mungu ni Mkwasi, hahitaji yeyote wala chochote. Tunaitikia, kisha tunaliacha neno hilo huko huko mbinguni, kama kwamba halihusiani na gunia la mchele. Hebu fungua Al-Baqara. Aya ya 263 inasema kauli njema na msamaha ni bora kuliko sadaka inayofuatiwa na udhia, na papo hapo inamtaja Mungu kuwa ni Mkwasi. Aya ya 267 inakataza kutoa kibovu ambacho mtoaji mwenyewe asingekipokea ila kwa kufumba macho, nayo inaishia kwenye ukwasi huo huo. (Wanaotuletea mchele wa vidudu waisome hiyo ya pili taratibu.) Sifa hiyo imetajwa pale pale mkono unapotoa, mtoaji asije akadhani kamfaa Mola wake.

Sura ya Fatir, aya ya 15, nayo haikumbakisha mtu: watu wote ni mafakiri mbele ya Mungu, mfanyabiashara na bibi wa ushungi. Na katika hadithi qudsi aliyoipokea Abu Dharri, iliyomo ndani ya Sahihi Muslim, waja wote wana njaa ila yule aliyelishwa na Mola. Mwenye lori la mchele naye, basi, analishwa.

Wenzangu kwenye kamati hunijibu kwamba wafadhili wanataka ushahidi, na bila picha mwakani tutakosa. Siidharau hoja hiyo. Pesa za sadaka huliwa, na mtu ana haki ya kujua mchele wake umefika. Lakini kuna risiti ya duka, kuna daftari lenye saini na dole gumba, kuna picha ya magunia. Wala sadaka ya wazi haikukatazwa. Aya ya 271 ya Al-Baqara imesema tu kwamba ile ya siri kwa mafakiri ni bora. Mfadhili akipenda kutajwa, na atajwe yeye.

Mwaka huu nimependekeza vijana wapeleke mifuko majumbani baada ya tarawehe. Mwenyekiti analalamikia nauli ya bajaji. Kweli itatugharimu, lakini na lile bango halikuchapishwa bure.