Malisho Yetu, Kaboni Yao



Ndugu yangu, dada yangu, posti hii ni ndefu. Isome hadi mwisho, halafu ukitaka kubisha, bisha.

Mmezoea kutuona hapa tukipigania vitambulisho, hijabu shuleni, na vijana wetu wanaochukuliwa usiku wasirudi. Leo tunaongea kuhusu nyasi. Usicheke. Kwa Waislamu wengi wa Garissa, Wajir, Mandera, Marsabit, Isiolo na Tana River, nyasi ndiyo kazi, ndiyo karo, ndiyo mahari, na ndiyo zaka. Anayeamua nyasi italiwa lini na nani, ameamua mambo yote hayo. Kwa hivyo hii ni haki kama haki nyingine yoyote tunayoipigania.

Sasa kuna hoja inayotembea duniani. Inasema mfugo si adui wa ardhi. Ukiwapanga ng'ombe vizuri, nyasi zinarudi, udongo unapona, na huo udongo unashika kaboni kutoka hewani. Aliyeipigia debe sana ni Allan Savory, mtaalamu wa Zimbabwe, katika hotuba ya video ya 2013 iliyotazamwa na mamilioni ya watu. Katika hotuba hiyohiyo alikiri kosa lake la zamani: alishauri tembo wapunguzwe kwa kudhani ndio wanaoharibu ardhi, wakauawa kama 40,000, na ardhi ikazidi kuharibika. Mimi nauliza hivi. Mtaalamu akikosea, wanakufa tembo. Mfugaji akikosea, wanakufa ng'ombe wake na watoto wake wanalala njaa. Kati ya hawa wawili, nani ana sababu kubwa zaidi ya kuijua ardhi?

Lakini tuwe waadilifu. Kiini cha hoja hiyo kina ukweli kiasi, na ni muhimu ukielewe ili usidanganywe na yeyote.

Ardhi kavu iliyo tupu, juu inaweza kufanya gamba gumu. Mvua ikinyesha, maji yanateleza na kwenda na udongo. Kundi likipita, kwato zinavunja gamba hilo. Samadi na mkojo vinarutubisha. Mbegu zinakanyagwa ndani ya udongo. Majani makavu yaliyosimama, ambayo yangezuia jua lisifikie chipukizi, yanalala chini na kuwa tandiko linalotunza unyevu. Halafu kundi linaondoka. Hapo kwenye kuondoka ndipo siri ilipo. Nyasi ikiliwa inahitaji muda wa kurudisha mizizi. Ikiliwa tena kabla haijapumzika, mizizi inafupika, na siku moja inang'oka yote. Kwa hivyo kinachoua ardhi si wingi wa mifugo peke yake. Mifugo kukaa mahali pamoja bila kuondoka ndiko kunakoimaliza. Wewe uliyewahi kwenda kisima chochote cha mashine kule kaskazini umeona: kuanzia kisimani hadi mwendo mrefu, vumbi tupu.

Na tusitie chumvi. Mvua ndiyo inayotawala. Katika ukame wa 2020 hadi 2023 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa Kenya. Hakuna mpango wa malisho ungezuia yote hayo. Anayekuambia ng'ombe peke yao wataokoa dunia anakuuzia kitu.

Haya. Sasa nani alisema haya ni mambo mapya?

Waborana wa Waso, kule Isiolo, wana mfumo unaoitwa dedha. Eneo la malisho limegawanywa: hapa pa mvua, hapa pa kiangazi, pale pa akiba ya ukame, hapaguswi hadi hali iwe mbaya kabisa. Wazee wa dedha ndio wanaotangaza lini watu wahame na lini wageni wakaribishwe. Kisimani kuna msimamizi anayepanga zamu, nani anywesha leo na nani kesho. Ng'ombe wa maziwa wanabaki karibu na nyumbani, hao ni warra. Wasiokamuliwa wanapelekwa mbali, hao ni fora. Hivi ndivyo nyasi zinavyopumzishwa. Hivi ndivyo kwato zinavyokuja na kuondoka. Hakuna aliyeenda chuo kusomea hilo.

Na Uislamu wetu haukuwa kimya kuhusu malisho. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Alitenga himaa, eneo la malisho lililohifadhiwa kwa maslahi ya umma, na akakataza wakubwa kujitengea himaa zao binafsi. Wanazuoni wanasimulia kwamba zamani za Jahiliyya mkubwa wa kabila alikuwa akimbwekesha mbwa juu ya kilima, na pote sauti inapofika panakuwa pake peke yake.

Alipokuja Umar bin Khattab (r.a.), alimweka msimamizi wa himaa aitwaye Hunayy. Imo katika Sahih Bukhari, kaisome mwenyewe. Maana ya agizo lake ni hii: waruhusu wenye ngamia wachache na mbuzi wachache waingie, na jihadhari na mifugo ya Ibn Awf na Ibn Affan. Hao ni masahaba wakubwa, na matajiri. Sababu aliyotoa ni kwamba wao mifugo ikifa wana mashamba na mitende ya kurudia, lakini maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake kulia mlangoni pa Amirul Muuminin. Na hapohapo Umar alikiri kwamba ile ni ardhi ya watu wenyewe, waliipigania kabla ya Uislamu na wakasilimu wakiwa juu yake.

Kiongozi wa dola kubwa anakiri kwamba ardhi ina wenyewe. Weka hilo akilini, turudi Kenya.

Mwaka 2013 ulianza mradi wa kaboni wa nyanda za malisho za kaskazini ya Kenya, chini ya shirika la NRT. Unahesabiwa zaidi ya hekta milioni 1.9, ndani ya hifadhi za jamii, zile tunazoita konsavansi, na umepangwa kwa miaka 30. Wafugaji wanabadilisha malisho, udongo unashika kaboni, kaboni inahesabiwa, halafu makampuni ya mbali yananunua krediti ili yaseme yamefidia moshi wao. Netflix na Meta ni miongoni mwa wanunuzi waliotajwa hadharani.

Sikiliza biashara hii inavyofanya kazi. Ili uuze krediti, ni lazima uonyeshe kwamba bila mradi wako ile kaboni isingekuwepo. Maana yake ni lazima kwanza uandike kwamba kabla yako malisho hayakuwa na mpango. Umeona? Yule mzee wa dedha, na zamu zake za kisima, na akiba yake ya ukame, kwenye makaratasi anakuwa mtu asiye na mpango. Elimu yake inafutwa upande mmoja wa ukurasa, na upande wa pili kitu kinachofanana nayo kinauzwa kwa dola.

Watetezi wa mradi watasema konsavansi ni za jamii wenyewe, na pesa zimejenga madarasa na kulipa walinzi. Sitakana kwamba kuna madarasa. Swali langu liko kabla ya darasa. Jamii iliulizwa? Ilielewa inauza nini, kwa muda gani?

Swali hilo lilifika mahakamani. Watu wa Isiolo walishtaki, na Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo ikaamua kwamba konsavansi za Biliqo Bulesa na Cherab ziliundwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa inavyotakiwa. Hii si porojo ya mtandaoni. Ni hukumu ya mahakama, na ilipatikana kwa sababu wafugaji wa kawaida walikubali kupanda na kushuka ngazi za korti miaka kadhaa.

Na ujue kwa nini jambo hili linauma zaidi kaskazini. Wakati wa vita vya shifta, miaka ya 1963 hadi 1967, watu walifungiwa kambini, na mifugo yao ikauawa au ikafa kwa kukosa malisho. Waborana wanakiita kipindi kile Daaba, yaani kusimamishwa. Na mwaka 1965 serikali iliandika katika waraka wake Nambari 10 kwamba pesa ziende kwenye maeneo yenye rutuba na mvua. Kwa hivyo watu hawa waliambiwa ardhi yao haina thamani. Leo ardhi ileile imepata bei, na mfugaji ndiye wa mwisho kuijua.

Lakini ngoja. Usishangilie bado, kwa sababu nusu ya lawama ni yetu.

Ni nani anayenunua mamia ya ngamia kwa pesa za tenda, anawaajiri wachungaji, na kuwaingiza kwenye malisho ya akiba kwa sababu hakuna mzee anayethubutu kumkataza? Si mzungu. Ni mheshimiwa wetu, tunayempa kiti cha mbele kwenye nikaha. Ni nani anachimba kisima katikati ya malisho ya kiangazi kwa sababu ya kura, hadi watu wanahamia hapo mwaka mzima na nyasi hazipumziki tena? Ni nani anakata miti ya mkaa usiku? Ni nani anaweka bunduki kwa kijana wa miaka 16 kisha anaita huo ni ulinzi wa mifugo? Na sisi tuliosoma, tunawaita wazee washamba, hatujui hata jina la dedha tuliyozaliwa.

Umar aliwataja matajiri kwa majina, nao walikuwa masahaba wema. Sisi tunashindwa kumwambia MCA.

Atakayesema mambo ya wazee yamepitwa na wakati, atazame jirani. Shinyanga, Tanzania, Wasukuma wana desturi ya ngitili: unafunga sehemu ya malisho wakati wa mvua, ndama na ng'ombe wanaikuta kiangazi. Mkoa ulikuwa umekwisha kwa ukataji wa miti. Kuanzia 1986 serikali ilianza mradi wa kuirudisha ardhi, na mafanikio yalikuja pale ilipoijenga juu ya ngitili za watu wenyewe, chini ya sheria zao za kijiji. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi. Utaalamu ulikuwepo, pesa za wafadhili zilikuwepo. Lakini ufunguo ulibaki mkononi mwa mwenye ardhi.

Hicho ndicho tunachotaka. Hatupingi ardhi kupona. Hatupingi hata kaboni. Tunapinga mtu kutuponyea ardhi yetu kwa mkataba ambao hatujausoma.

Sasa kazi yako, ewe uliye Eastleigh, Majengo, Kisauni, Garissa au Merti:

1. Uliza kama ardhi ya jamii yenu imesajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Kama haijasajiliwa, serikali ya kaunti ndiyo inayoishikilia kwa niaba yenu, na hapo ndipo mikataba inapopitia mlango wa nyuma. Usajili unataka orodha ya wanajamii, kanuni zenu, na kamati iliyochaguliwa. Wewe unajua kuandika na una simu. Wazee wanahitaji karani, na karani ni wewe.

2. Jua kifungu cha 36 cha sheria hiyo. Mwekezaji hawezi kupewa mkataba kwenye ardhi ya jamii iliyosajiliwa hadi theluthi mbili ya watu wazima wakubali katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Machifu watatu na picha ya kupeana mikono hotelini si theluthi mbili. Na mama zetu ni wanajamii, wahesabiwe.

3. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa 2023. Mradi wa kaboni wa ardhini ni lazima uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka, baada ya kuondolewa gharama. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Ulizeni gharama anazihesabu nani, na mtake kuona vitabu vya hesabu.

4. Likizo hii nenda ukae na mzee mmoja. Andika mipaka ya dedha yenu, akiba ya ukame iko wapi, zamu za kisima zinaendaje. Siku kampuni ikisema hamkuwa na mpango, toeni karatasi yenu.

5. Muulize mheshimiwa wako, hadharani, mifugo yake inalisha wapi kiangazi.

Imamu wa msikiti wako akiwa msikivu, mwombe khutba moja ya Ijumaa kuhusu himaa. Vijana wengi hawajawahi kusikia kwamba dini yetu ina sheria ya nyasi.

Mbwa anabweka tena juu ya kilima, na safari hii sauti yake imefika hekta milioni 1.9. Ukinyamaza, umekubali mpaka wake.

Allah atupe mvua yenye manufaa, atupe viongozi wanaomwogopa, na aturudishie malisho yetu mikononi mwetu. Amin.

Sambaza kwa mwenzako aliye na mbuzi hata mmoja.