Mto ukifura, kiongozi wa boti apulize kipenga

Shabiki yeyote wa Gor Mahia au AFC Leopards aliyewahi kukaa uwanjani msimu wa masika analijua tukio hili. Mvua imenyesha usiku kucha, nyasi zimelala chini ya maji, na refa anaingia na mpira mkononi. Anauachilia udondoke. Ukidunda, mechi ipo. Ukitua kwenye dimbwi na kutulia tuli kama ugali kwenye sahani, mechi hakuna. Mashabiki wataguna, wengine watamtukana refa, lakini watarudi nyumbani na dabi itapigwa siku nyingine. Sheria ya 5 ya soka inampa refa mamlaka hayo, na mwenyekiti wa klabu hawezi kumpokonya filimbi eti kwa sababu tiketi zimeshauzwa.

Sasa mhamishe shabiki huyo hadi Sagana, safari ya takriban kilomita 100 kutoka Nairobi, ambako boti za mpira hushuka maporomoko ya Mto Tana. Kikundi kimechanga pesa, matatu imekodishwa, mbuzi yuko motoni. Jua linawaka. Lakini mto umefura na rangi yake ni ya chai ya maziwa. Hapa nani anaangusha mpira aone kama unadunda?

Mara nyingi ni jicho la kiongozi wa boti tu. Nyuma yake wamesimama watu ishirini waliokwisha kuvaa jaketi za kujiokolea, wanaimba, wanapiga picha, wanamwambia wamelipa. Hapo ndipo penye kasoro, na inafaa irekebishwe kabla mtu hajaletwa nyumbani amefunikwa blanketi.

Wengi hudhani maji mengi ni raha nyingi. Hesabu inasema vingine. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Mto unaopitisha mita za ujazo 30 kwa sekunde unasukuma tani 30 kila sekunde, sawa na matatu kumi zilizojaa abiria, zikifuatana bila breki. Kasi ya maji ikiongezeka maradufu, msukumo wake kwa mtu aliyenaswa kwenye jiwe huongezeka mara nne. Hakuna misuli ya gym inayoshindana na hiyo.

Mto ukipanda, ramani nayo hubadilika. Sehemu tulivu za pembeni, nyuma ya mawe, ambako boti hupumzika na aliyeanguka hukusanywa, humezwa na mkondo. Jiwe lililokuwa wazi jana leo limefunikwa, na nyuma yake maji yanajirudi na kuzunguka yakimshika mtu kama mashine ya kufulia. Miti na vichaka vya ukingoni hugeuka chujio: maji yanapita, mtu anabaki. Ndiyo maana ngazi za ugumu wa maporomoko, kuanzia ya kwanza hadi ya sita, hazifai kusomwa kama jina la mtu lisilobadilika. Poromoko la ngazi ya tatu mwezi Februari laweza kuwa kitu kingine kabisa mwezi Mei.

Dawa yake si siri wala si ghali. Ni ubao wa vipimo uliosimikwa ukingoni au mstari wa rangi kwenye nguzo ya daraja, wenye alama za sentimita. Lakini namba peke yake haitoshi. Mita moja na nusu kwenye mto mmoja ni mchezo wa watoto, kwenye mwingine ni matanga. Namba hupata maana pale wanaoshuka mto huo wanapoiandika kila siku na kukumbuka boti zilifanya nini maji yakiwa hapo.

Pia lazima kujua mto unaelekea wapi. Timu iliyo bao moja mbele na inashambulia si sawa na timu iliyo bao moja mbele na inapumulia mashine. Vivyo hivyo, kipimo kilekile kina maana mbili. Ukiona mstari wa unyevu kwenye mawe juu ya maji, mto unashuka. Ukiona nyasi za ukingoni zimezama zikiwa bado kijani, matawi yanaelea na rangi imechafuka ghafla, mto unapanda. Asiye na ubao achomeke kijiti pale maji yanapoishia, asubiri robo saa, atazame tena.

Na jua la Sagana lisimdanganye mtu. Maji ya pale yanatoka Mlima Kenya, na ya Mathioya yanatoka safu za Nyandarua. Mvua iliyonyesha huko juu usiku hufika chini saa kadhaa baadaye, watu wakiwa katikati ya mkondo. Simu moja kwa mtu anayeishi karibu na mto huko juu ina thamani kuliko kutazama mawingu ya hapa.

Wenzetu wamekubali kwamba mto una ratiba yake. Zambezi, chini ya Maporomoko ya Victoria, maji yakijaa karibu na Aprili sehemu ya juu ya bonde hufungwa, na miaka ya maji mengi safari husimama kabisa kwa wiki kadhaa. Hata maji yakipungua, kuna poromoko namba tisa ambalo boti za wateja hulikwepa, watu wakipita kwa miguu. Jinja, kwenye Nile, kiongozi wa boti haangalii mvua tu, anauliza pia bwawa la umeme limefungulia maji kiasi gani. Hakuna anayewaita waoga.

Wapo watakaosema mzoefu hahitaji ubao, anaujua mto kama kiganja chake. Huenda ni kweli, lakini ubao haukuwekwa kwa ajili ya mzoefu peke yake. Umewekwa kwa ajili ya kijana wa miaka 22, wiki yake ya pili kazini, ambaye moyo unamwambia mto umekataa huku bosi anamwambia wateja wanasubiri. Kijana huyo akisema "naona kama maji ni mengi," atashindwa mabishano. Akinyoosha kidole kwenye mstari mwekundu uliozama, mabishano yameisha. Ni kama refa na mstari wa goli: mpira umevuka au haujavuka.

Kwa hiyo kila mahali boti zinapoingizwa majini pawe na ubao wenye rangi tatu: kijani, njano, nyekundu. Kipimo cha asubuhi kiandikwe mahali mteja anapolipia, akione kabla hajatoa pesa. Njano, wageni wapelekwe kwenye mkondo mtulivu. Nyekundu, hakuna boti, na pesa zirudishwe au tarehe isogezwe bila maneno. Uamuzi uwe wa kiongozi wa boti, na usibatilishwe na mtu aliyeketi ofisini.

Wenye kambi watalia hasara, na kilio chao kina haki, kwa sababu wikendi ya mvua ni wikendi bila mapato. Lakini klabu huahirisha mechi na bado huishi. Biashara inayoshindwa kuvumilia Jumamosi moja ya mto uliofura haitavumilia mazishi.

Na mteja naye ana kazi. Akiambiwa leo hakuna kuingia majini, asizomee. Mbuzi bado yuko motoni, jua bado linawaka, na mto utakuwepo wiki ijayo. Mechi iliyoahirishwa huchezwa tena, na kikosi kinakuwa kimekamilika.