Tovuti Mpya Isiingizwe Kazini kwa Kumpoteza Mgonjwa

Hospitali au chuo cha afya kinapozindua tovuti mpya, sifa huenda kwenye mwonekano: rangi za kupendeza, picha kubwa za majengo, maandishi yanayosomeka vizuri kwenye simu. Swali linalomgusa mgonjwa zaidi huulizwa mara chache: je, kurasa zilizokuwa zikipatikana jana kwa kutafuta kwenye Google, leo zinapatikana?

Mgonjwa hafungui ukurasa wa mbele wa hospitali akateremka hatua kwa hatua hadi kwenye maelezo ya maradhi yake. Huandika maneno kama «presha ya kupanda kwa mjamzito», kisha akabofya jibu la kwanza au la pili. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika intaneti, nusu ya kwanza ya methali hiyo ina walakini. Ukurasa ulioandikwa na mabingwa, usipoingia katika faharasa ya injini ya utafutaji, haujiuzi kwa yeyote, na nafasi yake huchukuliwa na muuza dawa za kienyeji anayejua kujitangaza.

Faharasa hiyo hujengwa na programu ziitwazo roboti, ambazo hufuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine na kuweka kumbukumbu ya zilichokikuta. Tatizo ni kwamba tovuti nyingi za sasa hazina kurasa zilizokwisha kuandikwa na kuwekwa. Maelezo yote yamo katika kanzidata, na ukurasa huundwa pale msomaji anapouomba. Ikiwa njia pekee ya kuufikia ni kuchagua idara katika fomu na kubonyeza kitufe cha «Tafuta», roboti hufika mlangoni ikageuka, kwa kuwa kazi yake ni kufuata viungo, wala haikuzoea kujaza fomu. Dawa yake ni nyepesi: kila maelezo yawe na anwani yake na kiungo cha kuyafikia, na orodha ya anwani zote itolewe moja kwa moja kutoka katika kanzidata. Orodha hiyo huitwa ramani ya tovuti. Google, Yahoo na Microsoft zilikubaliana juu ya muundo wake mwaka 2006, na faili moja hubeba hadi anwani 50,000, kiasi ambacho hospitali nyingi hazitakifikia kamwe.

Hasara kubwa zaidi hutokana na kubadilishwa kwa anwani. Mfumo mpya huja na mpangilio wake, na ukurasa wa chanjo uliojulikana kwa miaka mingi hupewa anwani nyingine. Anwani ya zamani ndiyo iliyomo katika faharasa, ndiyo iliyounganishwa na tovuti nyingine, ndiyo iliyochapwa kwenye vipeperushi na katika misimbo ya QR iliyobandikwa ukutani kliniki. Anayeifuata hukuta namba 404, yaani ukurasa haupo. Fundi makini huiagiza seva ijibu kwa namba 301, inayomaanisha kwamba ukurasa umehamia kwingine moja kwa moja, na kumpeleka msomaji huko bila yeye kujua. Kila anwani ya zamani ielekezwe kwenye mwenzake. Kuzielekeza zote kwenye ukurasa wa mbele ni uvivu, na Google huweza kulihesabu jambo hilo sawa na ukurasa kutokuwepo. Google hushauri uelekezaji huo udumu kwa angalau mwaka mmoja. Kwa taarifa za afya mwaka hautoshi, maana kipeperushi hukaa katika mkoba wa mama muda mrefu kuliko huo.

Kwamba jambo hili linawezekana, PubMed ni shahidi. Kanzidata hiyo ya machapisho ya tiba ilihamia katika mfumo mpya mwaka 2020 ikiwa na rekodi zaidi ya milioni 30. Kila chapisho lilibaki na namba yake ileile, na anwani za zamani huelekezwa kwenye mpya.

Zipo pia kasoro ndogo za aibu. Tovuti inapokuwa bado katika majaribio, mafundi huizuia isisomwe kwa mstari mmoja ndani ya faili la robots.txt, na hilo ni jambo la busara. Siku ya uzinduzi mstari huo husahaulika, hotuba zikasomwa, utepe ukakatwa, na tovuti nzima ikabaki imefungiwa roboti.

Kwa wasomaji wa Kiswahili kuna kasoro nyingine inayostahili kukemewa kwa sauti. Tovuti nyingi za lugha mbili huwa na kitufe cha kubadilisha lugha ambacho hugeuza maandishi bila kubadilisha anwani. Roboti haibonyezi kitufe hicho; husoma toleo la kwanza, ambalo mara nyingi ni la Kiingereza, ikaondoka. Kazi ya kutafsiri imefanyika na fedha zimelipwa, ilhali kwa injini ya utafutaji Kiswahili hakipo. Kila lugha ipewe anwani yake, na kichwa cha ukurasa kitumie pia neno analolitumia mgonjwa. Anayetafuta «presha» asinyimwe ukurasa kwa sababu umeandikwa «shinikizo la juu la damu» pekee.

Wapo wanaosema kwamba siku hizi watu hupata habari kwa WhatsApp. Ni kweli, lakini kiungo kinachotumwa humo ni anwani ileile, na ikivunjika imevunjika kote.

Haifai, basi, mkandarasi alipwe malipo ya mwisho kwa kuonyesha ukurasa wa mbele pekee. Kitengo cha TEHAMA kimdai jedwali la anwani za zamani na mpya, ramani ya tovuti, na uthibitisho kwamba kurasa zimeingia katika faharasa. Mhudumu wa afya naye anaweza kupima bila utaalamu wowote: aandike kwenye Google «site:» ikifuatiwa na anwani ya tovuti ya hospitali yake na neno kama «chanjo», aone kinachotokea, kisha aelekeze simu yake kwenye kila msimbo wa QR ulio ukutani mwa kliniki.