Ukurasa wa Wazee: Kusoma kwa Ulimi na Kusoma kwa Akili



Miezi hii ya mwisho wa mwaka ndiyo miezi ya kupimwa watoto. Kwa walio darasa la nne huku Tanzania Bara, Upimaji wa Kitaifa, ambao kwa miaka ya karibuni umekuwa ukifanywa mwishoni mwa Oktoba, si jambo la kuchukuliwa kwa wepesi: asiyefikia kiwango huweza kurudishwa akakariri darasa. Walio darasa la pili nao hupimwa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani zile K tatu. Katika kusoma, mtoto hukaa peke yake mbele ya mpimaji, akapewa habari asiyoijua, akaisoma kwa sauti, kisha akaulizwa alichokisoma. Hapo pa kuulizwa ndipo panapowashinda wengi, na ndipo nitakapo tuzungumze mwezi huu.

Mtoto wetu huanza chuoni. Hufundishwa alifu na be, akatiwa fat-ha na kasra, na baada ya muda akasoma Alhamdu na sura fupi kwa ufasaha, hali maana yake bado hajaijua. Hilo halina kosa. Kuisoma Qur-ani ni ibada, na maana atafundishwa akikua. Lakini masikio yetu yamezoea: tukisikia ulimi unateleza, twasema mtoto amesoma. Basi jioni hufunua kitabu chake cha Kiswahili, akatiririka ukurasa mzima, baba akafurahi na kumpa shilingi 200. Kumbe ukurasa ule ameuhifadhi kwa kuwasikiliza wenziwe darasani, na picha ya mbuzi ndiyo imkumbushayo maneno!

Jaribuni hivi. Zibeni picha kwa kiganja. Mwambieni aanze mstari wa katikati. Kisha fungeni kitabu mumuulize: Nani alikwenda sokoni? Alinunua nini? Kwa nini alirudi mbio? Akijibu, mshukuruni Mungu. Akianza kuimba tena mstari wa kwanza, jueni hajasoma, amekariri. Na neno hili kukariri lina maana mbili, na ile ya pili hufuata ya kwanza.

Tena msimchanganye. Tangu mtaala wa K tatu wa mwaka 2015, skuli hufundisha herufi kwa sauti zake: sauti ya m huungana na a, ikawa ma. Mama akimsomesha nyumbani kwa majina ya herufi, "em, a, ma," mtoto huwa amepewa njia mbili kwa safari moja. Watoto wa chuo wana bahati yao, kwani wamezoea dhali, the na ghaini, hata dhahabu, thelathini na ghali haziwapi taabu. Liwatatizalo ni ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma, ambazo katika herufi za chuoni hawakuzikuta. Hizo zataka kuandikwa pamoja ubaoni au hata mchangani, azitazame na kuzitamka mara nyingi.

Hesabu sitaisema sana, maana dukani pana mwalimu wa bure. Mpeni shilingi 1,000 akanunue chumvi, arudi na chenji, aeleze imepatikanaje.

Sasa nasema na walimu wenzangu wa vyuo. Watoto wa darasa la nne, katika wiki mbili za mwisho, tuwapunguzie. Tusiwashike mpaka Isha. Lakini wako wazee wafanyao kinyume: humtoa mtoto chuoni tangu Agosti, wasimrudishe ila Januari, naye akirudi juzuu yake imekwisha kumtoka. Nusu saa baada ya Alasiri, ya kupitia alichohifadhi, haijamwangusha mtoto.

Na mzee ambaye hajaijua siku ya upimaji wa mwanawe, au ya mkutano wa wazee, aende mwenyewe wiki hii akamuulize mwalimu wa darasa, wala asimtume mtoto.