Sentensi Zilizovurugwa Si Mchezo wa Watoto

Wahariri wa jarida letu wameniomba nitoe maoni juu ya jambo lolote linalohusu lugha. Najua wenzangu wengi watakuandikia juu ya Sheng na methali, nami sitaki kuwaingilia. Mimi nitasema juu ya zoezi moja dogo ambalo karibu kila mmoja wetu amewahi kulifanya, na wengi wetu tumelidharau. Nalo ni lile la kupewa sentensi zilizovurugwa na kutakiwa kuzipanga ziwe aya moja inayoeleweka.

Tulipokuwa shule ya msingi tulilikuta zoezi hili hasa katika karatasi za Kiingereza, tukijiandaa kwa KCPE, ule mtihani ulioanza mwaka 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Unapewa sentensi nne, halafu unachagua A, B, C au D. Nani hapa hakuwa akipiga ramli? Mimi nilikuwa na mbinu yangu: naangalia majibu yote manne, nikiona matatu yanaanza na sentensi ya pili, basi naanza na ya pili. Mara nyingi nilipata. Nikajiona bingwa! Kumbe sikuwa nimejifunza lolote.

Tulipofika sekondari tukaliacha zoezi hilo kama mtu anavyoacha kaptura ya shule ya msingi. Tena sisi watu wa Likoni tuna kiburi chetu. Twasema, "Kiswahili ni chetu, tumezaliwa nacho, tupangiwe sentensi za nini?" Hata mimi nilisema hivyo. Lakini mwaka jana nilitiwa adabu, na anayestahili lawama ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa wakati wa chakula cha mchana. Mwanafunzi mmoja alimpokonya rafiki yangu kitabu cha hesabu akakirarua kurasa kadhaa. Rafiki yangu kwa hasira akamsukuma. Yule akaanguka, akagonga kidevu kwenye dawati, damu ikamtoka. Mimi nilikuwa nimeketi karibu nao, kwa hivyo mwalimu aliniambia niandike niliyoyaona. Alinipa karatasi na dakika kumi. Nilikuwa bado natetemeka. Nikaandika hivi:

"Rafiki yangu alimsukuma mwenzake. Mwenzake akaanguka na kugonga kidevu. Damu ikamwagika. Akamrarulia kitabu chake cha hesabu."

Soma tena sentensi ile ya mwisho. Ni nani aliyerarua kitabu, na ni kitabu cha nani? Mimi nilijua, maana niliona kwa macho yangu. Lakini msomaji ambaye hakuwapo ataelewa kuwa rafiki yangu alimsukuma mtu, akamwangusha, akamtoa damu, na bado hakutosheka, akamrarulia na kitabu juu yake! Hivyo ndivyo ilivyoeleweka. Rafiki yangu alirudishwa nyumbani wiki mbili. Alikosa mitihani ya katikati ya muhula. Mamake, ambaye huuza viazi karai asubuhi, aliacha biashara yake siku mbili nzima kuja kumwombea msamaha.

Nilipopata ujasiri wa kwenda kwa mwalimu kueleza, aliitoa karatasi yangu, akaniuliza, "Mbona hukuandika hivyo?" Nikamjibu, "Nimeandika, mwalimu, kila kitu kimo." Na kweli kila kitu kilikuwamo. Hapakuwa na uongo hata mmoja katika karatasi ile. Sentensi zote nne zilikuwa za kweli, lakini zilipokaa pamoja zilisema jambo ambalo halikutokea. Siku ile ndiyo niliyojua kuwa mtu anaweza kumsingizia mwenzake kwa kupanga vibaya maneno ya kweli.

Baadaye nilikaa na daftari langu nikatafuta kosa lilikuwa wapi. Niliyoyagundua ni mambo ambayo walimu wetu hutufundisha kila siku, ila sisi huyachukua kama sarufi ya mtihani tu.

La kwanza ni kiambishi kile -ka-. Tunakariri kwamba -ka- huonyesha vitendo vinavyofuatana. Vyema. Lakini maana yake ni kwamba ukiandika "akamrarulia", umemwambia msomaji kwamba jambo hili lilikuja baada ya lile lililotangulia. Mimi niliikumbuka habari ya kitabu mwishoni, nikaiandika mwishoni, na -ka- ikaifanya iwe imetokea mwishoni. Laiti ningeandika "Kabla ya hapo mwenzake alikuwa amemrarulia kitabu", neno "kabla" lingemwokoa rafiki yangu.

La pili ni kiambishi a-. Katika Kiswahili mtu yeyote ni a-, awe mwanamume au mwanamke, awe mkosa au mkosewa. Palipo na watu wawili, a- haikuambii ni yupi. Vitu vina nafuu, kwa sababu ngeli husaidia. Ukisoma "kilianguka" wajua si meza, na ukisoma "uliraruka" wajua si kitabu. Lakini watu wawili wanapogombana wote ni "a-", basi msomaji hushika yule aliyetajwa kuwa mtendaji tangu mwanzo. Hapo ni lazima utaje upya: "yule aliyeanguka", au "rafiki yangu".

La tatu ni maneno kama huyo, hicho, hiyo na hao. Haya yenye -o hutumika sana kurejelea kitu kilichokwisha tajwa. Sentensi ikianza na "Chombo hicho", usiiweke kwanza, kwani msomaji atakuuliza, "Chombo kipi tena?"

Nitatoa mfano ambao kwetu huku bara ya kusini hauhitaji kuelezwa mara mbili. Zitazame sentensi hizi:

(i) Watu 272 kati yao walifariki.
(ii) Tarehe 29 Aprili 1994 abiria walijazana ndani ya feri katika kivuko cha Mtongwe.
(iii) Tangu siku hiyo, jina la Mtongwe likitajwa wazee wetu hunyamaza kidogo.
(iv) Feri hiyo ikapinduka, nao wakatumbukia majini.

Sasa zipange, lakini usipige ramli. Ya (i) haiwezi kutangulia, kwa sababu "kati yao" yadai tujue ni akina nani. Ya (iv) ina "hiyo", tena ina -ka-, basi lazima feri iwe imetajwa na kitendo kimoja kiwe kimetangulia. Ya (iii) ina "siku hiyo", basi yaitafuta tarehe. Inabaki ya (ii), ambayo haidai kitu kwa mtu. Hiyo ndiyo mwanzo. Kisha feri inapinduka, kisha twaambiwa waliokufa, na mwisho twaambiwa wazee. Jibu ni (ii), (iv), (i), (iii), na kila hatua nina sababu yake. Hapo umepanga. Ukinipa jibu hilohilo bila sababu, umebahatisha, na siku nyingine bahati haitakuwapo.

Kuna mwenzangu mmoja wa kidato cha nne ambaye nilimweleza haya akacheka. Akasema, "Wee, aya moja yaweza kupangwa njia nyingi. Mwandishi wa gazeti huanza na waliokufa, ndipo aeleze ajali." Nakubali, maneno yake yana ukweli. Lakini mtazame huyo mwandishi wa gazeti vizuri. Akitaka kuanza na waliokufa hataandika "Watu 272 kati yao walifariki." Ataandika, "Watu 272 walifariki tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipopinduka katika kivuko cha Mtongwe." Ameondoa "kati yao", ameleta tarehe mbele, na -ka- imegeuka kuwa -po-. Yaani ukibadilisha mpangilio ni lazima ubadilishe na viungo vyake. Mimi nilibadilisha mpangilio nikaacha viungo vilevile, na mwenzangu akaenda nyumbani wiki mbili. Na kama kuna zoezi ambalo kweli lina majibu mawili, basi naona mwanafunzi apewe alama akitoa sababu nzuri ya jibu lake.

Wengine watasema kwamba KCSE haina swali la kupanga sentensi, hivyo tusipoteze wakati. Ndugu zangu, hebu chukueni karatasi ya pili ya Kiswahili mtazame swali la ufupisho. Mtaona kuna alama iliyotengewa mtiririko. Na karatasi ya kwanza, ya insha, yote ni kupanga sentensi! Tofauti ni kwamba katika insha hakuna mtu aliyezivuruga isipokuwa wewe mwenyewe. Wengi wetu tunajaza insha methali na misemo ya kupendeza, halafu twashangaa mbona alama ni kumi na mbili kwa ishirini. Tumenunua nguo za Idi tukazivaa shati miguuni na suruali kichwani.

Tena maisha hayaishii kwenye mtihani. Kesho kutwa utaandika barua ya kuomba basari, nafasi yenyewe ya kuandikia ni mistari mitano. Ukianza na idadi ya wadogo zako na jina la mtaa, ukaja kusema mwishoni kabisa kwamba baba hana kazi, huenda msomaji amekwisha choka. Utaandika taarifa polisi. Utaeleza daktari maumivu yalianza lini, na dawa ulimeza kabla au baada. Huko kote mpangilio ndio maana yenyewe.

Kwa hivyo nina ombi kwa chama chetu cha Kiswahili. Kila tunapokutana tumekuwa na mashairi, mijadala na vitendawili, na hayo yote ni mazuri. Naomba tuongeze robo saa tu. Kila mwanachama aje na aya moja ya insha yake mwenyewe, aikate kwa mkasi sentensi mojamoja, azichanganye, ampe jirani yake azipange. Jirani akishindwa, tusimcheke jirani. Pengine kosa ni la mwenye insha, hakuacha alama za njia. Na akipanga, aseme sababu ya kila kiungo: hapa nimefuata "huyo", hapa nimefuata -ka-, hapa nimefuata "hata hivyo". Gharama yake ni karatasi kuukuu na mkasi. Mwalimu mlezi wetu hatahitaji kununua chochote.

Kwa walimu wetu wapendwa nina ombi la pili, na nasema kwa heshima. Mwanafunzi anapoandika maelezo ya ugomvi, mwiteni ayasome kwa sauti mbele yenu kabla ya uamuzi, na mumuulize, "Kipi kilitangulia?" Swali hilo moja lingetosha siku ile. Lakini sisemi hivi ili nijivue lawama. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Rafiki yangu alirudi shuleni baada ya zile wiki mbili. Nilimwendea nikamwonyesha nakala ya maneno niliyoandika. Aliyasoma, akanyamaza, akasema, "Hata mimi ningemfukuza huyu jamaa." Tukacheka wote wawili, lakini mimi sikucheka sana. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mitihani aliyoikosa haikurudiwa, na siku mbili za mamake hakuna aliyemlipa.

Basi wewe unayesoma, kabla hujakabidhi karatasi yako, iwe ni insha au maelezo, rudi mwanzo ujiulize kama mtu ambaye hakuwapo ataona ulichokiona wewe. Asipoona, zipange upya. Wakati wa kufuta ni pale karatasi ingali mkononi mwako.

Wasalaam.

Mwanachama, Kidato cha Tatu