Vyuo vya Wananchi: Mpango Mkakati wa Nani?

Hivi umewahi kusoma mpango mkakati mpaka ukurasa wa mwisho? Sisemi kupekua, nasema kusoma. Siku hizi kila taasisi Tanzania inao. Halmashauri inao, hospitali ya wilaya inao, hata chama cha msingi cha ushirika kinao. Umejalidiwa vizuri, jalada lina picha ya jengo la utawala, ndani kuna dibaji ya mkubwa, halafu dira, dhima, maadili ya msingi, nguvu, udhaifu, fursa na vikwazo. Kwa kazi hii ya gazeti nimeisoma mingi. Mmoja ulikuwa wa taasisi ya pwani (jina naliacha), na katikati yake ulizungumzia kuwainua wakulima wa kahawa. Kahawa, pwani! Bila shaka mtu alinakili wa wenzake wa nyanda za juu, akabadilisha jalada, akasahau mazao.

Leo nataka tuzungumzie mipango ya taasisi za aina moja ambazo sisi waandishi tunazikumbuka kwa nadra sana: Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo wengi wanaviita FDC. Viko 54 nchini. Mkoani Lindi kuna Chilala na kuna Kilwa Masoko. Hiki cha Kilwa Masoko ndicho ninachokiwazia zaidi, na si kwa sababu kimekosea popote. Siandiki kuukosoa uongozi wake. Nakiwazia kwa sababu ya jirani aliyekuja.

Jirani mwenyewe ni bandari ya uvuvi. Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi pale Kilwa Masoko kwa mradi wa zaidi ya Sh bilioni 260. Wilaya nzima iliyozoea mashua, ngalawa na dagaa wa kuanika inaambiwa ijiandae kupokea meli za bahari kuu, jodari, barafu kwa tani. Ni habari njema, hakuna ubishi. Lakini tuulizane: mtambo wa barafu ukizimika saa nane usiku, fundi atapigiwa simu wapi? Nangurukuru au Temeke?

Swali hilo moja, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko dira na dhima zote. Na chuo cha wananchi ndiyo taasisi iliyotakiwa kuwa na jibu lake.

Turudi nyuma kidogo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1975 ndipo vyuo vya wananchi vilipoanza, kwa wazo lililotoka Sweden na kwa msaada wa Waswidi. Wao nao walikuwa wamelichukua Denmark, ambako chuo cha kwanza cha aina hiyo kilifunguliwa mwaka 1844 kufuata mawazo ya mchungaji N.F.S. Grundtvig: mkulima akae bweni, asome, ajadili, arudi shambani akiwa mtu anayejitambua, bila mbio za vyeti. Kwetu wazo likavaa nguo ya Ujamaa. Kijiji kilimchagua mtu wake, kikampeleka chuoni, akajifunza useremala au ushonaji au kilimo, akarudi.

Unaweza kuucheka Ujamaa kadiri unavyotaka, lakini lengo lile lilikuwa na sifa moja ambayo mipango ya leo haina. Mzee asiyejua kusoma, amekaa barazani kwake, aliweza kulipima. Mtoto wa fulani amerudi? Anafanya ile kazi tuliyomtuma? Basi. Hakuhitaji jedwali la viashiria.

Baadaye mambo yakawa mengi. Mwaka 1990 vyuo vilitoka Wizara ya Elimu vikaenda Wizara ya Maendeleo ya Jamii, na mwaka 2017 vikarudishwa Wizara ya Elimu. Katikati hapo mitaala ya VETA ikaingia. Kozi fupi za ujasiriamali zikaingia. Ikaja elimu ya sekondari kwa waliokatizwa masomo, kisha programu ya Elimu Haina Mwisho inayosimamiwa na shirika la KTO kwa ajili ya wasichana na kina mama vijana, na vituo vya kulelea watoto wao. Kila kimoja ni kizuri ukikitazama peke yake. Ila chuo chenye walimu wachache na karakana chache kimejikuta kina mabwana watano, na kila bwana anataka lengo lake liandikwe la kwanza.

Ndiyo maana mipango mkakati ya taasisi za namna hii huwa na malengo 12, 15, 18. Yale si malengo bali ni orodha ya watu ambao mwandishi hakutaka kuwaudhi.

Kuna hatari nyingine, na kusini tunaijua kuliko mikoa mingine yote: kupanga kwa kutegemea ahadi moja kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake. Reli ikajengwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, na kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa na kumeza pauni milioni 36. Reli yenyewe iling'olewa miaka ya 1960. Hayo ya wakoloni tuyaache. Kuna gesi. Ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kutumika mwaka 2004, ikipita chini ya bahari na kukatiza ardhi ya Kilwa kwa bomba la kilomita zaidi ya 200 hadi Dar es Salaam. Miaka 30 ya kusubiri! Ni muda wa kutosha kabisa wa kumwandaa fundi, mwanawe na mjukuu. Kisha likaja suala la mtambo wa kuchakata gesi pale Likong'o, Lindi. Vijana wa kusini waliambiwa wajiandae, waache kulala. Mei 2023 ikatangazwa kuwa mazungumzo na kampuni yamekamilika, na miaka miwili baadaye mikataba ilikuwa bado haijasainiwa. Kijana aliyepanga maisha yake kwa kusubiri Likong'o sasa ana ndevu.

Kwa hiyo bandari ya Kilwa nayo isifanywe Likong'o nyingine. Chuo kikisema "tutafundisha mambo ya bandari", kitakuwa kimeanguka kwenye shimo lilelile. Na manahodha na wataalamu wa uvuvi tayari wana chuo chao, FETA, kule Mbegani na Mikindani. Kushindana nao ni kupoteza muda.

Kinachonivutia ni kazi zile ambazo zitahitajika bandari ikichangamka na zitahitajika vilevile ikisinzia. Mfano wa kwanza ni majokofu na mitambo ya barafu. Leo hii kuna muuza samaki Somanga anayehitaji jokofu lake litengenezwe, kuna hoteli Masoko, kuna duka la vinywaji Nangurukuru, kuna zahanati yenye jokofu la chanjo. Mfano wa pili ni mashine za boti. Mvuvi wa Songo Songo ambaye mashine yake imekufa hasubiri meli ya jodari ili awe na shida. Shida anayo leo, na kila siku anayokaa nchi kavu ni hasara. Fundi wa majokofu na fundi wa mashine za boti watakula hata kama mkandarasi ataondoka kesho. Bandari ikifunguka, watakuwa wa kwanza getini wakiwa na mikono yenye mafuta na wateja wa kuwatolea ushahidi.

Mbili tu. Si tisa. Chuo kiweke nguvu kwenye mbili hizo kwa miaka mitano, kitafute mwalimu mmoja mzuri sana kwa kila moja, kinunue mashine mbovu kumi za kufungua na kufunga. Najua nitaulizwa: na ushonaji je? Na kompyuta? Na useremala? Ushonaji ubaki kama bado una wateja. Lakini mpango ambao hausemi kitu gani kitapunguzwa mimi siuiti mpango. Hasa sasa ambapo tangu Januari 2024 hata shule za sekondari zimeanza mkondo wa amali. Kijana wa kidato cha kwanza anaweza kusoma ufundi shuleni kwao. Chuo cha wananchi kikibaki kufundisha kilekile kwa vifaa vibovu zaidi, nani atakwenda?

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani ndilo linaloamua kila kitu, na silioni kwenye jedwali lolote: kalenda.

Mpango wa chuo huandikwa kwa kalenda ya serikali. Mwaka wa fedha unaanza Julai, unaisha Juni, robo ya kwanza, robo ya pili, ripoti. Pwani ya Lindi ina kalenda yake. Kusi ikivuma, hasa Juni hadi Agosti, vyombo vidogo vinakaa zaidi ufukweni. Ufuta unavunwa na minada inaanza karibu Mei na Juni, ndipo nyumba nyingi zinashika fedha ya maana. Korosho ni kuanzia Oktoba. Machi na Aprili ni masika, mifuko mitupu, na barabara ni majaliwa (Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara kuu pale Somanga, kusini yote ilitengwa na Dar es Salaam). Sasa chuo kikidai ada kipindi ambacho mzazi wa Njinjo hana hata senti, kisha kikaandika kwenye udhaifu na vikwazo kwamba "mwamko wa jamii kuhusu elimu ni mdogo", huo ni uonevu. Mwamko upo. Ufuta ndio haujauzwa. Ada ipangwe ilipwe baada ya mnada.

Na kuna kalenda ya ndani zaidi, ya mwezi. Watu wanaokwenda kwa miguu mwambani kutafuta pweza, na kina mama wa mwani, wanafuata bamvua. Maji yakitoka sana ndipo wanapofanya kazi, na huwezi kuwaita darasani siku hizo. Yakiwa maji mafu wako nyumbani. Kwa nini kozi fupi zisiwe za maji mafu? Wiki moja darasani, wiki moja baharini, tena darasani, mpaka kozi iishe. Hakuna gharama mpya hapo, ni ratiba tu. Nina hakika haijawahi kuwa na mshauri mwelekezi kutoka mjini aliyeuliza mwezi unaandama lini kabla ya kupanga muhula.

Wenye kupanga vizuri pwani wapo, tena bila semina. Vijiji vya pwani, Songo Songo kikiwemo, vimekuwa vikikubaliana kufunga sehemu ya mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa, kisha wanaufungua siku moja na kupima kilichopatikana. Hebu tazama mpango ule ulivyo. Lengo ni moja, muda unajulikana, mlinzi anajulikana, na siku ya mwisho kuna mzani. Pweza wakiwa wadogo, kila mtu anaona. Wakiwa wakubwa, kila mtu anaona. Hakuna anayeweza kuandika kwamba "utekelezaji unaendelea vizuri kwa asilimia 78".

Mzani wa chuo ni mhitimu. Idadi ya waliosajiliwa si mzani, idadi ya vyeti vilivyotolewa si mzani, na idadi ya wageni waliotembelea karakana ndiyo kabisa. Mhitimu wa mwaka juzi yuko wapi leo, anafanya nini, anaingiza kiasi gani kwa wiki? Binti aliyerudi kusoma akiwa na mtoto, akafundishwa mapishi au ushonaji, amepata meza yake sokoni au amerudi kukaa kwa shangazi? Tukijua hilo kwa watu 40 tu, tutakuwa tumejua zaidi ya kurasa 80.

Na kazi hiyo haihitaji mfadhili. Chuo kichukue daftari la waliohitimu, kimpe mwalimu mmoja simu na vocha ya Sh 20,000, akae nayo wiki mbili. Baadhi ya namba hazitapatikana, ndiyo, na hilo nalo liandikwe. Wanaopatikana waulizwe mambo matatu: unafanya kazi gani, tulikufundisha nini ambacho hujawahi kukitumia, na ni nini umelazimika kukitafuta kwingine. Majibu yabandikwe ukutani kwenye chumba cha mikutano ya bodi. Wavuvi waalikwe, mama mmoja wa mwani aalikwe, fundi wa jokofu wa mtaani aalikwe, na wao ndio wazungumze kwanza, wakubwa wakisikiliza. Kikao kiwe siku za maji mafu.

Watu wa dira na dhima waitwe baadaye, wakute ukuta umeshajaa.